Bladi mpya na bado mbao yaungua na kunirudia: msumeno wa meza wanishinda, mafundi nisaidieni

bombolulu_mbao
Salaam aleikum mafundi. Niko hapa Bombolulu, Mombasa, nna kakarakana nyuma ya nyumba, natengeneza vitanda na meza za kahawa. Mwezi jana nlinunua msumeno wa meza wa mtumba, ule wa bladi ya inchi 10, mota yaning'inia nyuma na kuzungusha kwa belti. Meza yake ni chuma cha kumimina, mzito wallahi tulibeba watu wanne.

Shida yangu ni hii. Nikipasua mbao kwa urefu, hasa msaji, inaungua mstari mweusi na moshi watoka, nikifika katikati mbao yakaza mpaka mota yalia kama yataka kufa. Jana kipande cha futi tatu kikarushwa kikanipiga ubavuni, saa hii nikivuta pumzi nasikia. Nlidhani ni bladi nikaenda nikanunua mpya ya meno 60, hali ni ileile. Jamaa mmoja kanambia mota ni hafifu niitoe niweke kubwa. Kabla sijamwaga pesa tena naomba mnielekeze, nna oda ya vitanda vinne na mwenyewe ashaanza kupiga simu.

mzee_wa_randa
Pole sana mwanangu, na enda hospitali ukaangaliwe huo ubavu, usiseme utapoa wenyewe. Mimi nlipigwa hivo hivo miaka mingi nyuma nikanyamaza, kumbe mbavu ilikuwa na ufa, nikalala chali wiki tatu.

Usiuwashe tena huo msumeno mpaka tumalize hapa. Ng'oa plagi kabisa, si kuzima swichi tu.

Nijibu maneno matatu. Huo mstari mweusi uko ubavu gani wa mbao, ule ulosugua fensi, yaani ule ukuta wa pembeni unaoiongoza mbao, ama kile kipande cha nje kinachodondoka? La pili, nyuma ya bladi pana kile kibati kilichosimama wima kinachoingia ndani ya mkato, ama hakuna? La tatu, ukishafunga fensi, shika ncha yake ya nyuma uisukume kwa mkono, yatikisika?

Na hiyo bladi ya meno 60 ni nzuri lakini si ya kazi hio. Meno mengi ni ya kukata mbao kukingama na kukata plaiwudi, ili mkato uwe laini. Kupasua kwa urefu wataka meno 24 hivi, mabonde ya katikati ya meno yawe makubwa yapate kubeba unga na kuutoa. Ukipasua msaji wa inchi mbili kwa meno 60 unga hauna pa kwenda, wabaki unasuguana humo humo, joto lapanda na mbao yaungua hata mashine ikiwa sawa. Ila hilo pekee halirushi mbao ikakupiga mbavu. Kuna lingine.

bombolulu_mbao
Shikamoo mzee wangu, ahsante kwa kunijibu. Weusi uko ubavu wa fensi peke yake, kipande cha nje ni safi kabisa. Kibati hakuna, alieniuzia alisema chasumbua kwa hivo alikitoa, ila bahati nzuri alinipa kwenye mfuko na skrubu zake. Fensi nikiisukuma nyuma yasogea kidogo, kama unene wa kucha hivi.

mzee_wa_randa
Marahaba. Basi ushanambia karibu kila kitu.

Weusi ukiwa pande zote mbili, mara nyingi ni bladi butu, ama imejaa utomvu, ama wewe mwenyewe wasukuma polepole kwa uoga. Lakini ukiwa upande wa fensi peke yake, maana yake mbao yabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma ya bladi. Inaingia mbele ina nafasi, ikifika nyuma nafasi imepungua. Sasa meno ya nyuma yale yapanda juu, hayashuki kama ya mbele. Yakiishika mbao yainyanyua na kuirusha kule uliko wewe, na bladi ya inchi 10 kwa mizunguko elfu tatu na kitu kwa dakika, ncha ya jino yaenda karibu mita 40 au zaidi kwa sekunde moja. Ndo ilokupiga. Mota yako yaweza ikawa haina kosa lolote, yalia kwa sababu umeifunga breki.

Kwa hivo hatununui kitu, twapima. Kwanza bladi dhidi ya ule mfereji ulochongwa juu ya meza, ule geji ya pembe, kile kifaa cha kusukumia mbao ikikatwa kukingama, yapita ndani yake. Mfereji ndo bwana wa vipimo vyote, kwa sababu hausogei. Watu wengi huanza na fensi, wakaivuta huku na huku siku nzima, na bladi yenyewe imekaa upande.

Fanya hivi. Inua bladi mpaka mwisho. Chagua jino moja lilopinda upande wa kushoto, litie alama kwa makapeni. Chukua kipande cha mbao ngumu ukifunge kwenye geji ya pembe, ukitie skrubu ya shaba ama hata ya chuma kwenye ncha yake ielekee bladi. Lete lile jino mbele, usawa wa meza, kaza ama legeza skrubu mpaka kichwa chake kiguse jino kwa kukwaruza tu, sauti yake utaisikia. Sasa zungusha bladi kwa mkono ulete JINO LILELILE nyuma, na usukume geji nayo ifike nyuma. Kama bado lakwaruza vilevile, bladi iko sawa. Pakiwa na nafasi, ama skrubu yakwama haipiti, bladi iko upande.

Lazima jino lilelile, nasema tena. Ukipima jino moja mbele na lingine nyuma utakuwa wapima kupinda kwa bladi, si kukaa kwake, na utarekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

makanika_jomvu
Mimi ni wa magari lakini hapa naingilia. Hio nafasi usiikadirie kwa jicho. Enda kwa makanika yeyote hapo karibu na wewe umuazime fila geji, zile bati nyembamba za kupimia nafasi za vavu. Zaanzia 0.05 mm mpaka kama 1 mm, kila bati imeandikwa namba yake. Ingiza moja moja kati ya skrubu na jino mpaka upate ile inayopita kwa kujikuna kidogo, hio ndo namba yako.

Na ukiwa hapo shika bladi kwa mkono uitikise kulia kushoto. Ikicheza ina maana beringi za shafti zimekwisha, na hapo hakuna kipimo chochote kitakachokaa. Zungusha bila belti usikilize pia, beringi nzima yazunguka kimya, mbovu yasaga kama mchanga.

bombolulu_mbao
Nimefanya jioni hii baada ya maghrib. Beringi hazichezi. Kwa vile nlipima upande wa kushoto, jino likiwa nyuma paonekana nafasi, bati ya 0.5 ndo yapita. Kwa hivo nyuma ya bladi imeenda kulia, na fensi yangu iko kulia. Ni nusu milimita tu mzee, ndo ya kuunguza mbao kweli?

mzee_wa_randa
Ndio mwanangu, ndo hio. Mbao haina pa kukimbilia, huku fensi huku chuma. Sisi twataka isizidi 0.1, na ukipata 0.05 kaa hapo shukuru Mungu. Wewe una mara tano ya hio, na juu yake fensi yatikisika.

Mashine yako kwa vile mota yaning'inia nyuma, yale mabano mawili yanayobeba shafti yamefungwa chini ya meza kwa bolti, mara nyingi nne, mbili mbele mbili nyuma. Legeza tatu, moja ya mbele iache imeshika kidogo iwe kama bawaba. Halafu gonga bano la nyuma kwa nyundo ya mbao, ama weka kipande cha mbao ugonge juu yake. Gonga kidogo sana, kama wabisha hodi kwa jirani usiku. Pima. Gonga tena. Pima. Ikikaa sawa kaza bolti moja moja kwa zamu kidogo kidogo, kisha upime tena kwa sababu kukaza kwenyewe hukivuta kitu. Mimi hunichukua saa nzima na zaidi, na mara mbili tatu huanza upya, kwa hivo usikate tamaa. Wale wenye mashine za kabati zilofungwa pande zote, kwenu ni tofauti, bladi imefungwa kwenye kabati na meza ndo husogezwa, bolti ziko pembe nne chini ya meza.

Bladi ikishakaa ndo twende fensi. Ifunge ikae ukingo mmoja na mfereji, pitisha kidole mbele mpaka nyuma, iwe sawa. Nyuma ikiwa imeachia kama 0.1 zaidi ya mbele si kosa, mimi binafsi napenda hivo, lakini kubana nyuma hata unywele sikubali.

Kile kibati kirudishe LEO. Kazi yake ni kuzuia mkato usijifunge nyuma na kuzuia mbao isisogee ikaguse meno yanayopanda. Alokitoa hakukufanyia wema. Angalia unene tu: kiwe kinene kuliko bati la bladi na chembamba kuliko mkato. Bladi ya mkato wa 3.2 mm huwa bati lake ni 2.2 hivi, basi kibati cha 2.5 chakaa vizuri. Ukinunua bladi nyembamba ya mkato wa 2.4, kibati hicho hicho kitakwama ndani ya mbao, na watu hapo ndo hukasirika wakakitupa.

mama_kabati
Naomba niongeze kitu kuhusu fensi kutikisika, mimi nna karakana Kongowea, makabati ya jikoni ndo kazi yangu. Fensi yangu ilikuwa hivo hivo na nikamlipa mtu aje aitengeneze, akakaza akaondoka, baada ya wiki mbili ikarudi. Siku moja nikaivua yote nikaifuta, kwenye reli pale mbele palikuwa na tope la unga wa mbao, grisi na chumvi, limeganda gumu kama jiwe, ndo maana haishiki. Nlisugua kwa mafuta ya taa na kitambaa, nikapaka nta, mpaka leo haijanisumbua. Reli haitakiwi grisi jamani, grisi yashika unga.

Na kwa hewa yetu hii ya baharini meza ya chuma huishi na kutu. Ukiacha glasi ya chai usiku mmoja asubuhi una duara la hudhurungi. Nasugua kwa msasa mwembamba wa 400 na mafuta kidogo kufuata urefu wa meza, nafuta mpaka pakauke, kisha napaka nta ya kawaida ile ngumu ya kopo, nasugua mpaka mbao yateleza. Kila mwezi, na msimu wa mvua za kusi kila wiki mbili. Ile polishi ya gari yenye silikoni sipaki, yahamia kwenye mbao na ukija kupiga vanishi yajikusanya madoa madoa, nliharibu milango miwili ya mteja kwa hilo na nikailipa.

Tena si kila mbao inayobana ni kosa la mashine. Mwembe mbichi, na hata muarobaini ulokatwa juzi, ukiupasua wajifunga wenyewe nyuma ya bladi, nguvu iko ndani ya mbao. Hapo kibati ndo kinakuokoa. Mimi mbao kama hio naiacha ikauke, nikilazimika naipasua mara mbili, kwanza nusu ya kina halafu naimalizia.

likoni254
Nisaidieni na mimi nkiwa hapa. Wangu nikiwasha wanguruma tu hauzunguki, nkiisukuma bladi kwa kipande cha mbao yaanza kuzunguka kisha yaenda sawa. Nmekuwa nikiiwasha hivo kama mwezi. Na nna rafiki kaletewa mwingine kutoka Uingereza, wa plagi ya manjano ya mviringo, auliza kama abadilishe plagi tu aweke ya pini tatu.

makanika_jomvu
Kaka acha kuisukuma hio bladi, leo leo. Mota ikishika ghafla hicho kipande na vidole vyaenda pamoja.

Kunguruma bila kuzunguka, ukishahakikisha plagi imetoka na bladi yazunguka bure kwa mkono, mara nyingi ni kapasita ya kuwashia, lile kopo lilofungwa ubavuni mwa mota. Ukiliona limevimba ama limevuja mafuta, hio ndo jibu. Kabla hujaligusa jua kwamba laweza kuwa na stima hata plagi ikiwa nje, kwa hivo kama hujawahi ifanya mpelekee fundi wa mota alitoe chaji. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile zilizoandikwa, volti ziwe zilezile ama zaidi, zisipungue. Ikiwa kapasita ni nzima, ndani ya mota kuna swichi inayoachia mzunguko ukishashika kasi, ile hujaa unga wa mbao ikashindwa kugusa. Wapuliziwa ama kusuguliwa kwa msasa mwembamba. Zile mashine ndogo za kubeba hazina kapasita hio, zatumia kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka stima kwenye mota ikizunguka. Zikianza kutoa cheche nyingi na kukatakata, fungua vifuniko viwili vya pembeni, badilisha kaboni zote mbili kwa pamoja hata kama moja yaonekana bado.

Rafiki yako ASIBADILISHE plagi. Ile ya manjano ni volti 110, ndo wanazotumia kwenye maeneo ya ujenzi kule. Hapa stima yetu ni 240, ataiunguza siku ya kwanza. Atafute transfoma ya kushusha, ya kVA 3 hivi kwa msumeno wa saizi hio. Mashine ya Marekani nayo ina jambo lake zaidi, mbali na volti kule mzunguko wa stima ni hezi 60 na hapa ni 50, mota yake kubwa ya 3450 kwa dakika hapa itashuka hadi 2875 hivi hata ukiweka transfoma.

mzee_wa_randa
Makanika kasema vyema. Niongeze kuhusu stima maana hata bombolulu yawezekana lamhusu: waya wa ekstensheni watumia upi?

bombolulu_mbao
Mzee nna roli ya mita 30, ile nyembamba ya 1.5, yatoka dirisha la sebuleni. Huwa siikunjui yote, navuta ninayotaka.

mzee_wa_randa
Hapo pana shida ndogo nyingine. Mota ya hosipawa 2 yala karibu ampea 10 ikiwa kazini, kwa waya huo wa mita 30 wapoteza kama volti 9 njiani, hio si mbaya. Lakini wakati wa kuwaka yavuta mara tano na zaidi, wapoteza 40 na kitu, stima ikiwa tayari hafifu jioni mota yapata chini ya 200 na yahangaika kuondoka. Joto hilo huua kapasita na mota polepole. Tafuta waya wa 2.5, mfupi iwezekanavyo, na usiuache umeviringwa kwenye roli, wajipika wenyewe.

Na mashine yako ikiwa na swichi ya kawaida ya kubonyeza, ile ya kubaki imewashwa, badilisha. Hapa kwetu stima hupotea ukiwa katikati ya mbao, wewe waenda kunywa maji, ikirudi bladi yajiwasha yenyewe na mtoto wa jirani kasimama pale. Iko swichi ambayo stima ikikatika nayo yajizima, mpaka ubonyeze kijani upya. Si ghali ukilinganisha na kidole.

mama_kabati
Hilo la swichi nasema amina. Mie pia nawakataza vijana wangu glavu na kanzu ya mikono mirefu kwenye bladi.

likoni254
Ahsanteni, kapasita imevimba kweli, sikuwahi hata kuiangalia. Na swali la mwisho, mie napasua minazi, bladi haimalizi wiki. Nafanyaje?

mzee_wa_randa
Mnazi na msaji zote mbili zina mchanga ndani yake, yaani silika, ndo yala meno. Usihangaike na bladi za chuma kitupu, tumia za ncha ya kabaidi, ile ngumu kuliko chuma, na usizitupe zikiwa butu, wako wanaonoa. Lakini kabla hujasema ni butu ioshe kwanza. Itoe, iloweke kwenye maji moto na sabuni ya unga nusu saa, sugua kila jino kwa mswaki mkuukuu, kausha vizuri isishike kutu. Nusu ya bladi ninazoletewa hapa Mikindani kunolewa zilikuwa chafu tu. Inua bladi mabonde ya meno yatokeze kidogo juu ya mbao, usiizamishe, na usukume kwa mwendo mmoja usisimame katikati. Mwisho wa mbao tumia kijiti cha kusukumia.

bombolulu_mbao
Nimerudi mafundi wangu. Hospitali nlienda, mbavu haijavunjika alhamdulillah, ni kuvilia damu tu.

Nligonga lile bano kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri, mara ya kwanza nikakaza ikarudi 0.3, nikalegeza tena, mara ya nne ikakaa, bati ya 0.05 yapita kwa shida na ya 0.1 haipiti. Nikalaza bladi digrii 45 nikapima tena, ni ileile. Reli ya fensi nlisugua kama mama_kabati alivosema, tope lilotoka lajaza kiganja, sasa ikifungwa haisogei. Kibati kimerudi. Bladi ya meno 24 nikaazima kwa jamaa wa Kisauni.

Nikakata ubao mmoja kukingama, nikageuza kipande kimoja nikaviunganisha kuona kama ni wima, pakaonekana mwanya juu, nikarekebisha ile bolti ya kuzuilia chini mpaka mwanya ukaisha. Kisha nikapasua msaji uleule wa juzi, futi sita. Hakuna moshi. Mota haikulia. Ubavu wa mbao ni mwekundu safi mpaka nikampigia mke wangu aje aone.

Mzee nimebaki na swali moja, kile kibao cha mdomo wa bladi juu ya meza kina shimo pana, plaiwudi yanyofoka nyuzi upande wa chini.

mzee_wa_randa
Mashaallah, umenifurahisha. Hicho tengeneza mwenyewe. Chukua plaiwudi ngumu ya unene uleule, chonga ifuate umbo la kile cha zamani, shusha bladi chini kabisa, ukiweke mahali pake ukibane kwa ubao juu upande wa mbali na bladi, washa kisha inua bladi polepole ijikatie mdomo wake. Nyuma urefushe kwa msumeno wa mkono kibati kipate kupita. Nyuzi zitashikwa mpaka mwisho. Na kwa plaiwudi ndo urudishe ile bladi yako ya meno 60, hukuinunua bure.

bombolulu_mbao
Kesho asubuhi nakichonga inshaallah. Vitanda viwili vishasimama, nikimaliza vyote naleta picha hapa.